Aliyelia kwa Daktari wa Meno

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba ina mabalozi wengi, na wote wana masikio, na mimi bado nahitaji pasipoti. Nitasema tu kwamba ni nchi ya amani, tena amani ya kushiba na kubakiza, na kwamba kwetu mtu hasifiwi akiwa hai.

Hiyo ni sheria. Ilipitishwa baada ya mpishi mmoja wa Ikulu kusifiwa pilau yake mbele ya wageni, na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akashikwa na kichwa palepale mezani. Madaktari walimpima wakasema si malaria. Mheshimiwa mwenyewe alisema anajisikia kama mtu aliyeibiwa lakini hajajua kitu gani. Mpishi akahamishiwa kituo cha mpakani, anakochemsha maharage mpaka leo, na Bunge likakaa, likaona kwamba sifa ni mali ya taifa kama madini, haifai kuachwa ikaokotwa na kila apitaye. Tangu hapo aliye hai anayeruhusiwa kusifiwa ni mmoja tu, na tunamsifu saa za kazi.

Wengine wote wanasubiri kufa. Ukila kwa mtu ukaramba vidole, unasema, "Chakula kimeisha." Mtoto akiwa wa kwanza darasani, baba yake anamkazia uso na kumkumbusha kwamba kuna shule nyingine. Ndiyo maana watu wetu huenda mazikoni na hamu kubwa. Siku hiyo marehemu anasifiwa na kila mwenye mdomo, halafu watu wanarudi makwao wamenuna. Mke anavua kanga ya msibani, anamtazama mumewe aliyejilaza kwenye kochi, anasema, "Kumbe marehemu alikuwa anamchotea mkewe maji ya kuoga." Mume anajibu, "Ndiyo maana amekufa." Basi hawasemezani mpaka msiba mwingine.

Mimi ni Kondo, Mwandishi Mkuu wa Wasifu wa Serikali. Hakuna anayefukiwa kabla sijamsomea. Kuna madaraja. Wa daraja la kwanza nasema aliipenda nchi yake. Wa pili, aliipenda kazi yake. Wa tatu nasema hakuwa mtu wa makuu. Daraja la kwanza limehifadhiwa kwa mtu mmoja ambaye bado hajalihitaji, na la pili lina ushindani, kwa hiyo karibu watu wote nawapa la tatu. Nasoma kwa sauti ya kifuani. Wengi wamejaribu kuiga sauti hiyo wakaishia kukohoa. Sisemi kwa majivuno, maana kujisifu nako kumekatazwa.

Mambo yalianza kuharibika alipofariki Daktari Bwakila, daktari wa meno.

Huyu bwana nilikuwa simpendi kitambo. Alikuwa na tabia ya kusema maneno ya busara huku mikono yake imo mdomoni mwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumbishia. Mgonjwa akiingia anatetemeka, Daktari humwambia, "Wewe ndiye shujaa, maana umekuja. Majasiri wote wako nyumbani wamejifunga vitambaa mashavuni." Au atasema, "Meno ya mbele ni ya wageni. Ukitaka kumjua mtu, mtazame magego." Akimaliza kazi anamwambia, "Siri ya kuishi vizuri ni kutafuna pande zote mbili," na mtu anatoka na shavu limevimba, anacheka, anakwenda kuyarudia maneno hayo sokoni. Mimi nimeandika vitabu vinne vya maadili kwa ajili ya shule zote nchini, na sijawahi kusikia muuza nyanya hata mmoja akinirudia. Sisemi kwa wivu. Nasema tu kwamba nchi nzima ilikuwa inajifunza maadili kutoka kwa mtu aliyeshika koleo.

Mazishini alikuja Mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa Daktari alikuwa ndiye aliyeshughulikia meno yake. Nilisoma wasifu daraja la tatu, kwa utulivu, bila kuruka aya. Watu walijipepea. Mtu mmoja mstari wa mbele alipiga miayo mpaka nikamwona kidakatonge.

Nilipokaa akainuka mtani.

Wageni nawaeleza kidogo. Marehemu alikuwa Mlimba, na Walimba na Wasuka ni watani tangu mababu. Mlimba akifa, Msuka ana ruhusa ya kuja msibani kumwigiza, kumsema, kuzuia asizikwe, na kuchukua kitu kimoja cha marehemu akipendacho, na hakuna wa kumkasirikia. Sheria ya Sifa haikuugusa utani kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba kumcheka mtu kunaweza kuwa ni kumsifu. Hilo lilikuwa kosa la wanasheria, mimi simo.

Mtani mwenyewe alikuwa Mwalimu Nyamizi, mkuu wa shule ya wasichana aliyestaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutuliza bweni zima. Alikuwa amevaa koti jeupe la marehemu na miwani yake, imeshuka mpaka puani. Akaingia katikati ya waombolezaji anakagua vinywa. "Fungua. Fungua zaidi, hayo ya mbele ni ya wageni." Alimfungua mdomo Waziri wa Mipango, akachungulia, akatikisa kichwa, akamwambia, "Pole, tumechelewa." Watu wakaangua kicheko. Halafu akaenda akaketi ukingoni mwa kaburi, akaning'iniza miguu ndani.

"Haingii mtu humu," akasema. "Huyu ameniahidi atanitazama jino langu Jumanne. Mwambieni aamke. Bwakila, amka, mgonjwa wako yuko hapa."

Alisubiri kama mtu anayesubiri kujibiwa. Uso wake ukabadilika, na hapo watu wote, waliokuwa wanacheka, wakalia. Nimehudhuria misiba zaidi ya mchimba makaburi na sijawahi kusikia kilio kama kile. Mheshimiwa naye alilia, ameshika shavu. Kisha akanyamaza, akageuka kuangalia ni nani anamtazama akilia. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Wote walikuwa wanatazama kaburi.

Ndani ya gari, tulipopita sanamu yake ya pili, akaniita.

"Kondo."

"Mheshimiwa."

"Wamelia."

"Wamelia, Mheshimiwa, ila bila mpangilio."

"Mimi watanililia hivyo?"

"Zaidi ya hivyo."

"Umejuaje?"

Katika mafunzo yetu swali hilo halimo. Nikakohoa. Mheshimiwa alikuwa anatazama dirishani, na nikamwona ana uso uleule wa siku ya pilau.

"Mtu amekufa," akasema, "hajui hata kama anapendwa, na anafaidi vile. Mimi niko hai na nimekaa nangoja. Hapana. Nitazikwa Jumamosi."

"Mheshimiwa unaumwa?"

"Mazoezi. Nitalala ndani nisikilize. Na yule mama aje. Mimi pia ni Mlimba, ni mtani wangu." Akawaza kidogo. "Wasipolia kama walivyolia leo, wasifu utakaofuata ni wako. Na utauandika mwenyewe, usije ukalalamika kwamba umepunjwa daraja."

Usiku huo niliacha chakula mezani. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia ni kazi.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Nyamizi. Nilimkuta uani anapogoa mchungwa kwa mkasi mkubwa, na lile koti jeupe limeanikwa kwenye kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye yule aliyesoma karatasi."

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuuliza unafanyaje. Yaani ule utaratibu wa machozi."

"Sina utaratibu. Nilikuwa namkumbuka."

"Unaanza kumkumbuka wapi na unamalizia wapi? Ningependa kuandika."

Akaacha kupogoa akanitazama, mkasi umefunguka. Nikamweleza habari ya Jumamosi, na habari ya wasifu wangu pia, maana sauti yangu ya kifuani ilikuwa imepotea. Alinionea huruma kidogo, akaniletea maji.

"Baba," akasema, "utani si uchawi. Mimi naiga nilichokiona. Huyu wenu nimwige nini? Anapita katikati ya walinzi, sijawahi hata kuiona miguu yake. Hotuba zake umeandika wewe. Nikimwiga nitakuwa nakuiga wewe."

Sitaficha kwamba nilifurahi kidogo.

"Nitafutie jambo moja," akaendelea, "dogo tu, alilolifanya mwenyewe, bila kamera na bila utepe wa kukata."

Nilikwenda kwenye nyaraka za taifa nikapekua mpaka nikapiga chafya. Mheshimiwa anakata utepe. Mheshimiwa anaelekeza kidole kwenye mahindi. Mheshimiwa anapokea zawadi ya mkuki. Nilirudi kwake siku ya Ijumaa mikono mitupu, shati limeloa.

"Nilijua," akasema. "Basi niachie mimi. Nitakwenda kumuuliza mjane wa Daktari. Yule bwana aliona watu wakiwa wameachama, huenda kuna alilomwambia mkewe."

Jumamosi uwanja wa taifa ulijaa, kwa kuwa milango ilifungwa watu walipokwisha kuingizwa. Kwa tahadhari Wizara iligawa kitunguu kimoja kwa kila mwombolezaji, ili machozi yasikosekane. Akina mama walivipokea kwa heshima wakavitia kwenye vikapu, na wengine walirudi kwenye foleni. Jeneza lilikuwa la mninga, lenye mto, matundu ya hewa na chupa ya maji. Tulikubaliana alama: Mheshimiwa akigonga mara moja, ameridhika, mara mbili, niongeze.

Nikasoma daraja la kwanza. Nililisoma kama sitasoma tena. Watu, kwa mazoea, walipiga makofi. Jeneza likagonga mara mbili. Nikaongeza shule na daraja la mto. Likagonga mara mbili tena. Nikaongeza mvua za mwaka ule. Makofi yalikuwa mengi, lakini hakukuwa na jicho lililolowa pale uwanjani isipokuwa langu, nami nilikuwa najililia mwenyewe.

Mwalimu Nyamizi akainuka, amevaa koti la Mheshimiwa lenye nishani. Akajaribu kutembea. Akasimama. Akajaribu kunyoosha kidole. Akakishusha.

"Simjui," akasema.

Mimi nikaanza kutunga moyoni: Kondo hakuwa mtu wa makuu.

Mwalimu akalivua lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya jeneza. Akavuta kiti akaketi, akashika pande zote mbili za kiti kwa nguvu.

"Yuko mtu mmoja," akasema, "alikwenda kwa Daktari Bwakila kwa mlango wa nyuma, peke yake, amevaa kanzu na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Shavu limevimba hivi." Akatutumua shavu. Mtu akacheka. "Akakaa kwenye kiti. Akasema, 'Daktari, naogopa.' Daktari akamwambia, 'Vizuri. Na mimi nakuogopa wewe. Fungua mdomo.'"

Kicheko kikapita uwanja mzima, kidogo kwanza, kisha kikubwa.

"Gego likatoka. Daktari akamwambia, 'Pole.' Basi yule mtu akalia. Daktari akamuuliza, 'Bado inauma?' Akasema haiumi. Akasema tangu mama yake afe, watu wanamwambia hongera tu. Akiugua wanasema hongera. Akifiwa wanasema hongera. Hakumbuki mara ya mwisho mtu kumwambia pole."

Mwalimu alibaki ameshika kile kiti, mabega yamepanda, kama yule mgonjwa. Kutoka juu kabisa, kule kwenye viti vya jua, mama mmoja akasema, "Pole, baba." Mwingine akaitikia. Neno likashuka ngazi kwa ngazi mpaka uwanja mzima ukawa unasema pole, na watu wanalia, vitunguu vyao vimo vikapuni havijaguswa. Nililia na mimi, na safari hii haikuwa kwa ajili ya shingo yangu, ingawa shingo nayo niliikumbuka na kushukuru. Tulikuwa tumepona.

Ndipo jeneza likaanza kugonga. Haikuwa mara moja wala mbili. Wakafunua kifuniko. Mheshimiwa akaketi, nywele zimelala upande mmoja, akautazama uwanja.

"Wanamlilia nani?" akaniuliza.

"Wewe, Mheshimiwa."

"Mimi sikulia. Mimi sijawahi kulia. Mbona uliposoma wasifu wangu hawakulia? Umesoma mvua, hawakulia. Amekuja mtu na jino lake, kwenye msiba wangu, jeneza langu, uwanja wangu, ndiye wanamwambia pole. Ni nani huyo?"

Kwa uzoefu wangu, ujasiri ni kitu kizuri sana kwa wasio na watoto shuleni.

"Ni mgonjwa tu, Mheshimiwa. Hakuacha jina."

"Yuko wapi?"

"Haijulikani."

Nimewahi kuona wivu wa ofisini, wa wake wenza, wa wachezaji wanaokaa benchi, lakini sikuwahi kumwona mtu akijionea wivu mwenyewe namna ile, na bila kujua.

"Azikwe," akasema. "Kama wanampenda hivyo, azikwe, nimalizane naye. Daraja la tatu. Ukishamzika ndipo tutazungumza habari zako."

Kwa hiyo tukamzika mtu asiyekuwepo. Nchi nyingine wangeuliza maswali. Kwetu amri ilikuwa na muhuri, na jeneza likatengenezwa, la mbao nyepesi. Redio ilitangaza mara moja tu, kati ya bei za mahindi na kipindi cha mapishi. Hatukupeleka mabasi. Hatukugawa vitunguu. Nilitegemea kuwakuta wachimba kaburi na mbuzi wa makaburini.

Nilikuta watu mpaka barabarani. Walikuja kwa miguu, na nguo za msiba, na wengine walibeba ndoo za chakula cha wafiwa ingawa hakuna aliyejua wafiwa ni kina nani. Kwenye ukuta wa nyuma nilimwona mtu amesimama peke yake, kavaa kanzu na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Walinzi wake walikuwa wamejificha kwenye migomba, na migomba ilikuwa inakohoa. Alikuwa amekuja kuwaona hao wanaompenda yule mwingine.

Nikasoma. Wasifu ulikuwa mfupi, maana sikuwa na habari. Nilipofika mwisho nikasema, "Hakuwa mtu wa makuu," na watu wakaitikia, "Kweli." Maneno hayo nimeyasoma maisha yangu yote, na sikuwahi kuitikiwa. Niliumia moyo, sitaficha. Marehemu hakuwepo hata kidogo, na alikuwa ananizidi.

Wachimbaji walipolinyanyua jeneza, Mwalimu Nyamizi akawazuia. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu ndani ya kaburi, kama siku ile.

"Jepesi mno," akasema. "Mtu hazikwi hivihivi bila kitu chake. Kuna mwenye kitu cha marehemu?"

Watu wakatazamana. Nikaona mimi ndiye nitakayelaumiwa. Halafu yule mtu wa kanzu akatoka ukutani akaja. Watu walimpisha bila kuambiwa. Sijui walijua au hawakujua. Nyuso zao zilikuwa za adabu tu, kama mtu anavyompisha mfiwa.

Akatia mkono mfukoni akatoa leso iliyofungwa fundo. Fundo lilichelewa kufunguka. Ndani mlikuwa na jino.

Mwalimu Nyamizi akalichukua akaligeuza kwenye mwanga.

"Gego," akasema. Akamtazama usoni, chini ya ile kofia. "Pole, baba."

Mtu wa kanzu akaivuta kofia chini zaidi. Mwalimu akaliweka gego ndani ya jeneza, akaifunga ile leso kiunoni mwake kama haki ya mtani, akasogea, na kaburi likafukiwa.

Watu walikaa sana siku ile. Walikula, walisimulia mambo ya marehemu ambayo hayakutokea, na mzee mmoja aliapa kwamba aliwahi kukaa naye benchi moja kwa Daktari na kwamba alimpisha kwenye foleni. Mheshimiwa alikuja akasimama karibu yangu, ameshika shavu. Alisikiliza kila hadithi mpaka mwisho. Mwishowe akainama sikioni kwangu.

"Kondo," akasema polepole. "Alikuwa mtu wa namna gani huyu?"

Niliangalia kushoto na kulia. "Hakuwa mtu wa makuu, Mheshimiwa."

Akatazama lile tuta la udongo mbichi na watu waliolizunguka.

"Bahati yake," akasema.

Habari zangu hatujazizungumza mpaka leo. Naendelea kusoma wasifu, na jioni, kabla ya kulala, napitisha ulimi kwenye magego yangu moja baada ya jingine. Yote ni mazima. Sijawahi kung'oa hata moja, sijawahi kukaa kwenye kile kiti, na siku yangu ikifika sijui mtani atakuta nini cha kutia ndani ya jeneza. Sisemi kwa wivu.